HAKI YA MAJI NA JIRANI ALIYE CHINI YA MTO

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake. Amma baad.

Enyi Waislamu, nakuusieni na naiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Khutba yetu ya leo yahusu maji, wala si maji ya udhu peke yake, bali maji ya mto na yale yaliyo chini ya ardhi, ambayo sisi watu wa Kasoli na wilaya yote ya Bariadi twayanywa, twanyweshea ng'ombe na kumwagilia mboga.

Mwaijua hali ya mito yetu. Wakati wa mvua, Simiyu na Duma hufurika. Kiangazi hubaki mchanga, na akina mama hufukua na kungoja maji yachuruzike ndani ya kishimo. Maji yale yatoka wapi? Ni mvua iliyozama katika luseni huko miinukoni, ikatembea polepole chini kwa chini kwa miezi mingi hata ikafika bondeni. Basi mto na kisima ni mali moja. Mwenye kutega mashine ukingoni na kuvuta maji kisimani usiku na mchana huupunguza mto, ijapokuwa mpira wake haukuugusa. Na mwenye kuuzuia mto huko juu huvikausha visima vya walio chini. Ama yule apakiaye mchanga wa mtoni kwa malori, huyo huchukua na ghala ya maji yenyewe.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alihukumu juu ya maji ya mabonde ya Madina: aliye juu anyweshe kwanza, maji yafike vifundoni, kisha amwachilie aliye chini. Tazameni hekima yake! Wa juu hakunyimwa haki ya kutangulia, lakini aliwekewa mpaka, na mpaka wenyewe ni haja yake, si nguvu zake. Wanavyuoni nao wakaweka harimu ya kisima. Wapo walioitaja dhiraa 40, na wapo walioangalia madhara, wakasema kwamba kisima kipya kikivuta maji ya kile kilichotangulia, mwenye nacho azuiwe. Leo wachimbaji wa visima virefu hawaulizi kabisa habari ya kisima kifupi cha mjane aliye jirani.

Sheria ya nchi nayo yakubaliana na haya. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 yasema maji yote ya Tanzania Bara ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Kwa hiyo kibali cha bodi ya bonde si usumbufu wa karani, ni amana.

Na asiyeamini autazame Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 mto ule, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukatika kila kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa. Huko Usangu mifereji ya mashamba iliendelea kuvuta maji hata baada ya mpunga kuvunwa, yakapotea bure. Kinyume chake, ndugu zetu wa Oman wamegawana maji ya mifalaji kwa zamu na saa kwa karne nyingi, katika nchi kavu kuliko yetu.

Basi, wenye bustani na mashine, kaeni na wafugaji na akina mama, mpange zamu kabla ya mvua kukatika, na mzime mashine maji ya mchangani yanaposhuka. Wenye ngitili wasizikate, kwani nyasi zile ndizo zinazoizuia mvua hata izame. Na sisi tulio msikitini tufunge mabomba tukiwa twapaka maji kichwani.

Ewe Mola wetu, tunyweshe mvua yenye manufaa isiyo na maangamizi, uyajaze mabonde yetu, na umfikishie maji yake kila mnyonge aliye chini ya mto. Amin.