Kusahau kwa wazee wetu na dawa za kwenye simu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba katika mukutano wa mwezi)

Sitakawia, najua wengi munataka kufika shambani mbele jua halijakuwa kali.

Naanza na kosa yangu mwenyewe. Papa yangu munamujua. Tulipokuwa kambini Lugufu, kule Kigoma, yeye ndiye aliyekumbuka nani alivuka ziwa siku gani, nani alizikwa wapi. Mwaka uliopita akaanza kupotea. Aliuliza neno moja mara tano. Siku moja alitoka kuchota maji, tukamukuta mutaa mwingine, hajui nyumba yake iko wapi. Majirani wakaanza kunongona mambo ya uchawi.

Mimi niliyesoma universite, nilifanya nini? Nilishika simu. Kulikuwa sauti ya "dokta" mumoja inazunguka kwenye WhatsApp: poda ya majani, siku 21, akili inarudia yote. Nikatuma feza. Mbaya zaidi, ile sauti nikaituma katika grupu yetu. Siku 21 ziliisha, Papa akaanguka usiku.

Muganga wa kituo cha afya aliuliza swali moja tu: "Anameza dawa gani?" Tukamuonesha vidonge vyake. Ilikuwa diazepamu, ile tunaita Valium. Alikuwa anainunua sokoni juu ya kukosa usingizi. Kwa mutu muzee, dawa hiyo inaweza kuchafua akili na kumuangusha. Muganga akaipunguza polepole, majuma mengi, kwani kuiacha gafula ni hatari. Leo Papa bado anasahau mambo fulani, lakini nyumba yake anaijua, na mbuzi zake anazihesabu.

Wandugu, kusahau si ugonjwa mumoja. Inaweza kuletwa na vidonge, pombe, malaria, kukosa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kugongwa kichwa, ao huzuni kubwa, na sisi tuliokimbia vita huzuni tunaijua. Mingi ya hiyo ina matibabu. Kunako pia ugonjwa wa Alzheimer, na huo mupaka leo hauna dawa ya kuuponyesha. OMS inasema watu zaidi ya milioni 55 katika dunia wanaishi na magonjwa ya namna hiyo, na wengi wao wako katika inchi kama yetu. Hata majani ya ginkgo yanayosifiwa sana, Wamarekani waliyapima kwa wazee zaidi ya 3000. Mwaka 2008 walitangaza kwamba hayakuzuia ugonjwa huo.

Basi yule wa kwenye simu anajua muzee wako ana ipi? Hakumuona. Hakuuliza kitu. Anajibu mbele ya kuuliza, na hapo ndipo uongo unajulikana.

Sisemi simu yote ni mbaya. OMS na wizara za afya wanaandika mambo mazuri. Lakini ukipata habari, jiulize: Ni nani anasema, ana jina na kazi inayojulikana? Anauza kitu? Anaahidi kuponyesha kila mutu, kwa siku zilizohesabiwa? Anakukataza kuenda kwa muganga? Ukiona moja ya hizo, usitume kwa mwingine.

Na kama muzee amechanganyikiwa gafula, kwa saa chache ao siku mbili tatu, ao ana homa, ao alianguka na kichwa, ao mudomo umepinda, usingojee. Siku ile ile, hospitali. Beba vidonge vyake vyote ndani ya mufuko.

Naomba mambo mawili. Kwanza, sanduku yetu ya kusaidiana ilipe moto ya kumupeleka muzee kituoni, kuliko kila jamaa kutafuta feza ya chupa na poda. Pili, tuache neno la uchawi. Muzee anayesahau hajaroga mutu.

Kuna mama hapa aliyenunua ile poda juu ya sauti niliyotuma mimi. Nilimurudishia feza yake, lakini yale majuma matatu ya mume wake siwezi kuyarudisha. Mama, mbele ya wote, naomba samahani.