Diski ya Akiba Ikikataa Kufunguka: Mambo ya Kufanya Kabla ya Kumwita Fundi

Mazungumzo na makatibu wa vikundi, walimu na wafanyabiashara wa Kanduyi



Siku hizi daftari la chama limehamia kwenye kompyuta. Kuanzia Musikoma hadi Sang'alo, Khalaba hadi Bukembe, michango ya wanachama, alama za wanafunzi na picha za hati za ardhi zinawekwa kwenye laptopu, na nakala ya akiba inawekwa kwenye diski ya nje, kile kidude kinachochomekwa kwa waya.

Chukua mfano wa katibu wa chama cha akina mama karibu na makutano ya Kanduyi. Ni Ijumaa jioni, mwezi wa Desemba. Jumapili wanachama wanagawana akiba yao. Laptopu ya chama iliharibika wiki iliyopita. Katibu ameazima nyingine, amechomeka diski, na hakuna kinachoonekana. Atakachofanya katika nusu saa inayofuata ndicho kitaamua kama hesabu za mwaka mzima zitapatikana.

La kwanza ni kutulia na kukumbuka kwamba diski mpya hununuliwa dukani, lakini hesabu za wanachama haziuzwi popote. Kwa hivyo kila hatua ilinde kwanza yaliyomo ndani.

Aanze na waya. Waya wa diski hukunjwa, huvutwa na hulegea, nao huharibika mara nyingi kabla ya diski yenyewe. Abadilishe waya, kisha ajaribu tundu lingine la USB, moja kwa moja kwenye kompyuta bila kupitia kigawanyio. Tundu la kawaida la USB ya zamani hutoa miliampea 500, la USB 3.0 hutoa 900. Diski inayozunguka huhitaji nguvu zaidi inapoanza, na tundu dhaifu huweza kuwasha taa yake tu bila kuizungusha. Diski kubwa ya mezani ina adapta yake ya stima. Isichomekwe adapta ya kifaa kingine kwa sababu tu kichwa chake kinaingia. Volti zikizidi, diski huungua.

Ikiwa bado, ajaribu kompyuta nyingine. Diski ikifunguka huko, tatizo ni la kompyuta ya kwanza. Isipofunguka, aangalie sehemu ya Windows iitwayo Disk Management, inayopatikana kwa kubofya kitufe cha Start upande wa kulia wa kipanya. Huenda diski iko pale lakini haijapewa herufi yake. Ikipewa herufi, hutokea pamoja na faili zake.

Hapa ndipo wengi huumia. Kompyuta inaweza kuandika kwamba diski lazima ifomatiwe kabla ya kutumika. Asikubali. Kufomati ni kuanza upya na diski tupu. Abonyeze kitufe cha kughairi, achomoe diski na kutafuta fundi anayejua kurejesha faili.

Wakati mwingine diski hufunguka, lakini folda zote zimegeuka njia za mkato. Hiyo ni kazi ya virusi, ambavyo husambaa sana pale diski moja inapopita kwenye kompyuta za watu wengi. Mara nyingi faili ziko, ila zimefichwa. Asibofye njia hizo wala kufuta kitu. Asafishe kwa programu ya kuzuia virusi, kisha faili zifichuliwe.

Akisikia mlio wa ta-ta-ta au wa kukwaruza, azime mara moja. Huenda kichwa kinachosoma sahani za ndani kimeharibika, na kila dakika ya kuendelea kuzunguka inaweza kukwangua hesabu za watu. Asiigonge, asiifungue, asiiweke kwenye friji.

Diski ikifunguka, asianze kuikagua wala kuitengeneza. Anakili kwanza faili muhimu mahali pengine, ndipo mengine yafuate.

Kuna funzo kubwa zaidi. Mwaka 1998, kampuni ya Pixar ya Marekani ilikuwa ikitengeneza filamu ya Toy Story 2 wakati amri moja ya kompyuta ilipofuta sehemu kubwa ya kazi. Walipokimbilia nakala za akiba, wakakuta hazikuwa zikifanya kazi sawasawa. Filamu iliokolewa na nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mfanyakazi aliyekuwa na mtoto mchanga na aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani. Ikiwa kampuni kubwa hivyo ilinusurika kwa nakala ya nyumbani, chama cha Kanduyi hakiwezi kutegemea diski moja.

Kwa hivyo kila kikundi kiwe na nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski, na moja mbali na ofisi, kwa mweka hazina au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Diski inayokaa mfuko mmoja na laptopu huibwa pamoja nayo. Ichomolewe baada ya kunakili, kwa kufuata amri ya kuitoa salama, maana mvua ya radi si ngeni Bungoma, na stima ikirudi kwa kishindo huunguza vyote vilivyochomekwa. Na mara moja kila mwezi, faili mbili tatu zifunguliwe kutoka kwenye nakala, kwenye kompyuta nyingine. Nakala isiyowahi kufunguliwa haijulikani kama ni nakala.

Hili ni jambo la sheria pia. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeweka taarifa za watu azilinde zisipotee, na inataja uwezo wa kuzirejesha kwa wakati baada ya hitilafu ya kiufundi. Diski ikipelekwa kwa fundi, iandikwe nani ameipokea na lini, kwa sababu ndani yake kuna majina, namba za vitambulisho na pesa za watu.

Katibu yule akifuata hatua hizi, huenda akagundua kwamba kilichoharibika ni waya tu. Lakini Jumatatu anunue diski ya pili.