Jeraha la Moyo Haliponi Peke Yake

(Mazungumzo kwa vijana na wazazi baada ya tarawehe)



Ndugu zangu vijana, mama zetu na baba zetu, sitawachosha, najua mmeshinda na saumu. Nataka tuzungumze juu ya ugonjwa usioonekana kwa macho.

Chukueni mfano wa mama mchuna chai hapa Kericho. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Disemba 2007, nyumba za wafanyakazi katika mashamba ya chai zilichomwa, watu wakakimbia na watoto mgongoni. Kenya nzima walikufa zaidi ya watu 1,100, na wengine kama laki sita wakahama makwao. Mama huyu alirudi kazini. Mchana anachuna majani kama kawaida, lakini usiku mbwa akibweka, basi, usingizi umekwisha hadi alfajiri. Watoto wanafokewa bila kosa. Sisi twasema, "Mama fulani amekuwa mkali siku hizi." La, ndugu zangu. Ana jeraha.

Daktari Judith Herman wa Marekani aliandika mwaka 1992 kwamba jeraha la namna hii hukata uhusiano wa mtu na wenzake, kwa hivyo lazima lipone ndani ya uhusiano. Naye Urie Bronfenbrenner, katika kitabu chake cha 1979, alieleza kwamba mtoto hukua ndani ya mazingira yaliyozungukana: nyumba, shule na majirani, kazi ya wazazi, kisha sheria na desturi za nchi. Sasa hebu fikirini. Umempa mama yule ushauri saa nzima, halafu anarudi mahali ambapo jirani hamsalimu, wala hajui kama uchaguzi ujao atafukuzwa tena. Atapona vipi?

Wala tusidhani jeraha liko upande mmoja. Mwaka 1934 serikali ya mkoloni iliwahamisha watu wa ukoo wa Talai kwa nguvu kutoka Kericho hadi Gwassi. Ardhi ya Wakipsigis ikageuzwa mashamba ya chai ya wageni. Mwaka 2022 vizazi vyao walipeleka malalamiko katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kumchomea mwenzake nyumba. Lakini uchungu usiosikilizwa hurithiwa kama shamba.

Tazameni Chebilat, soko la mpakani kati ya Sotik na Borabu. Mwaka 2008 lilichomwa, Wakipsigis na Wakisii wakipigana. Baadaye watu wakarudi sokoni. Mwenye ndizi anamhitaji mwenye maziwa, na kila salamu ya asubuhi yapunguza hofu kidogo. Hiyo nayo ni tiba.

Basi tufanye nini? Aliyeumia msikilize, usimlazimishe kusimulia, wala usimwambie "sahau tu." Akikosa usingizi wiki nyingi, au akitaja kujiua, fuatana naye hospitali, usimtume peke yake. Na nyumbani jiulizeni: ni jirani gani hatujamsalimu tangu 2008? Jioni moja mwezi huu, sahani ya futari ivuke ua ifike kwake. Ampelekee kijana ambaye moto ule hakuuona, maana yeye ndiye tusiyetaka aurithi.

Wassalaam alaykum warahmatullah.