Nyeusi Ni Sisi

Hotuba iliyotolewa kwenye sherehe yetu ya Uhuru, Liverpool, Sydney

  

Kamati imetuomba sisi wauguzi tuseme machache kuhusu bendera. Pengine wamechoka kutusikia tukizungumzia presha na sukari.

Tuanze na mtoto mmoja wa kwetu. Mwezi Machi, katika wiki ya kusherehekea tamaduni mbalimbali, shuleni kwao waliambiwa wachore bendera za nchi za wazazi wao. Alipaka kijani, akapaka njano, akapaka buluu, kisha katikati akaacha peupe. Tulipomuuliza, akajibu: "Nyeusi si rangi nzuri. Wenzangu watanicheka." Tuliokuwa naye mezani tulinyamaza. Shahada zetu tumezisomea huku, tukifanya zamu za usiku na mitihani asubuhi, lakini jibu la mtoto wa miaka minane hatukuwa nalo.

Tulichokuwa nacho ni kile tulichokariri shule ya msingi: kijani ni ardhi na mimea yake, njano ni madini, buluu ni bahari, maziwa na mito, nyeusi ni watu. Ni sahihi. Ila mtoto aliyezaliwa hapa hakusimama nasi mstarini asubuhi bendera ikipandishwa. Yeye anahitaji kusimuliwa tangu mwanzo.

Basi watoto, sikilizeni. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera mpya na Mwenge juu ya Mlima Kilimanjaro. Bendera ile haikuwa hii mnayoiona ukutani. Mistari yake ililala: kijani juu na chini, nyeusi katikati, na njano nyembamba kila upande wa nyeusi. Zanzibar nayo ilipata uhuru Desemba 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ikaja kuwa na bendera ya buluu, nyeusi na kijani. Tarehe 26 Aprili 1964 nchi hizo mbili zikaungana, na bendera zikafuata. Njano ilitoka Tanganyika, buluu ikatoka Zanzibar. Kijani na nyeusi kila mmoja alikuja nazo. Mistari iliyolala ikawa ya mshazari, ikipanda kutoka chini ya mlingoti hadi juu upande wa pili. Nanyi wenye asili ya Visiwani mjue kwamba bendera ya Zanzibar inayotumika tangu 2005 ina rangi zile zile tatu za 1964, na ile ya Muungano imekaa kwenye kona yake ya juu.

Sasa ondoeni nyeusi, kama alivyofanya mwenzenu. Inabaki ardhi isiyo na wa kuilima na maji yasiyo na wa kuyavua.

Kesho yake tulimwambia aitazame milingoti ya shule yake. Hapo hupepea pia bendera ya Waaborijini, aliyoibuni msanii wao Harold Thomas mwaka 1971. Duara la njano ni jua, nyekundu ya chini ni ardhi, na nyeusi ya juu ni watu wenyewe. Hapa Liverpool tunaishi katika ardhi ya Wacabrogal wa taifa la Darug, na wenyeji wa nchi hii nao wamejiweka kwenye bendera yao kwa rangi ile ile. Jioni ile mtoto alichukua penseli nyeusi, akapaka mpaka ncha ikaisha.

Liko jambo jingine, nalo linatuuma sisi wakubwa. Wengi wetu tumechukua uraia wa Australia, na sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Siku ya kiapo tulicheka kwenye picha. Usiku wake wengine tulilia. Tangu hapo wapo wanaonong'ona kwamba bendera hii si yetu tena.

Tuwatazame jirani zetu Wakaldayo waliotoka Iraki, ambao baadhi yetu tunafanya nao kazi wodini. Hawana dola yao wenyewe, wala pasipoti yenye jina lao. Bendera wanayo, yenye mistari miwili ya buluu, mito ya Tigris na Frati, na tumewaona wakiipeperusha harusini kwa vifijo. Pasipoti ni makubaliano ya mtu na serikali, na inaweza kubadilishwa. Nyeusi ile katikati ya bendera ni watu, na kuwa watu wa kule hakuna kiapo kilichotuondolea.

Tunaomba mawili. La kwanza kwa kamati: mwaka jana bendera ilitundikwa kichwa chini. Kijani hukaa juu karibu na mlingoti, buluu chini upande wa pili. La pili kwa wazazi: usiku huu, ndani ya gari, kabla hamjafika nyumbani, wasimulieni watoto rangi hizi kwa Kiswahili. Wakilala njiani, basi kesho wakati wa chai. Mwacha asili ni mtumwa, na hakuna aliyewaleta watoto wake mbali kiasi hiki ili wawe watumwa.

Heri ya Uhuru.