Karatasi ya Maabara na Daftari la Mgonjwa: Chakula katika Kolaitisi ya Hadubini



Naanza na karatasi ya majibu ya maabara. Mama mmoja mstaafu, umri umepita miaka 60, aliingia kliniki ya lishe akiwa ameikunja mara nne ndani ya mkoba. Aliifungua mezani taratibu, akailainisha kwa kiganja. Ilikuwa na majina ya vyakula zaidi ya 80, kila kimoja na rangi yake: kijani ruksa, njano kwa tahadhari, nyekundu marufuku. Kwenye nyekundu kulikuwa na maziwa, mayai, ngano, karanga, nazi, maharage na samaki. "Mwanangu," akaniambia, "nimebaki na wali mweupe na kuku wa kuchemsha. Na bado naendesha." Alikuwa akiharisha maji kwa miezi 7, mara 8 au 9 kwa siku, usiku akiamka. Kilo 11 zilikuwa zimekwenda. Amiba alishatibiwa mara tatu. Damu haikuwahi kuonekana kwenye choo. Kamera ilipopitishwa kwenye utumbo mpana, majibu yakasema hakuna tatizo, na tangu hapo akawa anaambiwa ni mawazo.

Kamera ilisema kweli kwa kile inachoweza kuona. Katika kolaitisi ya hadubini, uso wa utumbo huonekana mzima au karibu mzima. Ugonjwa umo ndani ya ukuta. Lazima daktari anyofoe vipande vidogo upande wa kulia na wa kushoto, hata pale panapoonekana safi, avipeleke kwa mpatholojia. Huko huonekana moja ya mambo mawili: ama limfosaiti zimejipenyeza kwenye tabaka la juu, zaidi ya 20 kwa kila seli 100 za tabaka hilo, ama utepe wa kolajeni ulio chini yake umenenepa kupita mikromita 10. Aina hii ya kolajeni ilielezwa na Lindström wa Malmö, Sweden, mwaka 1976. Ile ya limfosaiti ilipata jina lake mwaka 1989. Wagonjwa wengi ni wanawake waliopita miaka 50. Pale ambapo kipande hakichukuliwi, ugonjwa haumo kwenye rejesta, ila mgonjwa yumo kwenye foleni. Mama huyu alirudishwa kwenye kamera, vipande vikachukuliwa, jibu likatoka: aina ya limfosaiti.

Nawaomba tusikimbilie chakula kabla ya kumwaga mkoba wa dawa mezani. Diklofenaki ya magoti, omeprazoli ya kiungulia, setralini ya huzuni: zote zimehusishwa na ugonjwa huu. Sigara pia. Mama alikuwa akimeza diklofenaki karibu kila siku, na omeprazoli juu yake ili tumbo lisimchome. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Na kabla mtu hajaacha ngano, apimwe damu kwa ajili ya ugonjwa wa siliaki, maana magonjwa haya mawili hufuatana mara nyingi kuliko ambavyo ingekuwa kwa bahati tu. Akishaacha ngano miezi kadhaa, kingamwili zinazotafutwa hushuka na kipimo hupoteza maana. Nimeona kosa hili likirudiwa, nalo huumiza, kwa sababu kulirekebisha ni kumrudisha mtu kwenye chapati zilizomtesa.

Sasa turudi kwenye karatasi yenyewe. Kinachopimwa pale ni kingamwili za aina ya IgG dhidi ya chakula. Kingamwili hizo ni alama kwamba mwili umekutana na chakula hicho, na mara nyingi kwamba umekizoea. Mtu aliyepika kwa nazi tangu utotoni, ajabu gani nazi yake ikitoka nyekundu? Wataalamu wa mzio wa Ulaya walitoa tamko mwaka 2008 kwamba vipimo hivi visitumike kutambua chakula kinachomdhuru mtu. Wenzao wa Kanada wakasema hivyo mwaka 2012. Vipimo vya kinyesi vinavyouzwa kwa ahadi hiyohiyo navyo havijathibitishwa. Kipimo cha IgE ni jambo lingine kabisa: hicho ni cha mzio wa kweli, wa vipele, midomo kuvimba na pumzi kubana, na husomwa pamoja na historia ya mgonjwa.

Lakini wapo walioifuata karatasi wakapona, mtasema. Wapo, nami siwakatalii nafuu yao. Orodha ndefu hivyo haikosi kugusa maziwa au ngano, na mtu anayeacha vyakula 30 kwa siku moja ameacha pia kile kimoja kilichokuwa kikimsumbua. Zaidi ya hayo, ugonjwa wenyewe huja na kuondoka. Katika majaribio ya dawa, wapo waliopewa vidonge visivyo na kitu ndani wakapata nafuu. Gharama yake ni vile vyakula 29 vilivyoachwa bure, kwa mtu ambaye tayari anakonda.

Chakula kina nafasi gani basi? Utumbo uliovimba namna hii hufyonza chumvi na maji kwa shida. Kila kinacholeta maji ya ziada kutoka utumbo mwembamba kitapita moja kwa moja. Maziwa ni mfano wa karibu: watu wazima wengi wa Afrika Mashariki wana upungufu wa kimeng'enya cha laktosi, na laktosi isiyosagwa huvuta maji. Kahawa nzito, pombe, na sukari bandia ya sorbitoli huongeza mbio. Vitunguu, maharage na ngano huchachuka na kujaza gesi. Hakuna mlo uliothibitishwa kuponya uvimbe wenyewe. Mlo hupunguza mzigo, na kwa mtu anayeogopa kupanda daladala, hilo si dogo.

Tulimwachisha mama diklofenaki kwa idhini ya daktari wake, omeprazoli ikasitishwa, akaanzishiwa dawa ya budesonidi miligramu 9 kwa siku kwa wiki 8. Nikampa daftari la kurasa 40. Kila siku: amekula nini na kiasi gani, dawa gani, choo mara ngapi, cha maji au la. Kwa wastani wa wiki, choo kikiwa chini ya mara 3 kwa siku, na cha maji chini ya mara 1, tunahesabu ametulia. Alipotulia tukarudisha chakula kimoja kimoja, siku 3 kila kimoja, kiasi kikipanda. Jambo jipya moja tu kwa wakati mmoja. Ukichanganya, daftari halikuambii kitu.

Yai: salama. Samaki: salama. Nazi, ile nyekundu kabisa: salama. Mtindi kikombe kimoja: salama. Vikombe viwili vikubwa vya chai ya maziwa alasiri: choo cha maji mara 3 usiku ule, na tulipojaribu tena baada ya wiki 2, vilevile. Uji wa lishe wa dukani ulimsumbua, tukasoma pakiti tukakuta ngano na soya. Uji wa ulezi mtupu ukapita. Vitunguu nikamfundisha avikaange vipande vikubwa kwenye mafuta, avitoe kabla ya kutia nyanya: ladha hubaki, lakini sukari inayochachuka haiyeyuki kwenye mafuta. Orodha ya marufuku ilikuwa ya vyakula zaidi ya 30. Yake mwenyewe ikabaki na 3, tena vya kupunguza, si vya kuacha.

Nisiwafiche: miezi 4 baada ya budesonidi kwisha, kuharisha kulirudi, na mlo haukuwa umebadilika hata kidogo. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Kurudi ni jambo la kawaida. Alianza kujilaumu, akitafuta kwenye daftari ni chakula gani kilichomponza. Nikamwambia, "Mama, hukukosea popote," nikampeleka kwa daktari siku hiyohiyo. Amewekwa kwenye kipimo kidogo cha dawa, na kilo 7 zimerudi. Mwezi uliopita alikuja na daftari la pili. Ukurasa wa Ijumaa ulisomeka: wali, samaki wa nazi, mchicha, choo mara 1, nimekwenda harusini, nimerudi saa nne usiku.