Ukurasa Mmoja kwa Siku



Mijini mwetu wako watu wengi wenye hadithi nzuri kichwani, hadithi zinazofaa kabisa kuwa sinema. Waulize mbona hawaziandiki. Jibu ni moja: nafasi haipo, kazi zimewabana.

Jibu hilo alikuwa nalo pia Mjapani mmoja, Akira Kurosawa, mwongozaji wa sinema aliyefariki mwaka 1998. Katika miaka ya 1930 alikuwa msaidizi tu, mtu wa kutumwa huku na huku tangu asubuhi hadi usiku. Mwalimu wake, Kajiro Yamamoto, alimwambia kwamba atakaye kuongoza sinema ajifunze kwanza kuiandika. Muda autoe wapi? Kurosawa akapiga hesabu. Mtu hata achoke vipi, hashindwi ukurasa mmoja kwa siku, na mwaka una siku 365. Basi akawa anaandika usiku, kitandani, na ukurasa mmoja ukazaa wa pili, hata wa tatu.

Lakini kuandika si kujaza karatasi. Mwaka 1952 Kurosawa na mwenzake, Shinobu Hashimoto, walitaka kusimulia siku moja katika maisha ya samurai, askari wa Japani ya kale. Hashimoto akazama maktaba. Akakwama kwenye jambo dogo: samurai wa zama zile, akiwa kazini, mlo wake wa mchana ulikuwaje? Jibu la hakika hakulipata, na hadithi nzima ikaachwa. Kurosawa alikasirika, lakini hawakubuni uongo.

Wakaendelea kuchimba, na ndipo wakagundua kwamba samurai wasio na bwana waliweza kulinda kijiji dhidi ya majambazi kwa malipo ya chakula tu. Hapo ikazaliwa Seven Samurai, sinema iliyotoka mwaka 1954 na inayotazamwa hadi leo.

Kuiandika, walijifungia katika nyumba ya wageni kwa zaidi ya mwezi, wakiwa na mtu wa tatu, Hideo Oguni. Kurosawa na Hashimoto waliandika tukio lile lile, kila mtu kivyake. Oguni akasoma na kuamua. Kumbuka kwamba Rashomon, sinema ya Kurosawa, ilikwishashinda tuzo kuu ya Venice mwaka 1951. Hata hivyo maandishi yake yalipimwa kama ya mwingine yeyote.

Siku hizi kamera imo hata ndani ya simu, na wengi wetu tunaanza kupiga picha kabla hadithi haijakaa sawa. Mtazamaji akichoka katikati tunamlaumu mwigizaji, au taa, au fedha. Karatasi hatuitaji.

Haba na haba hujaza kibaba. Kalamu ni bei rahisi, na usiku wa leo bado haujaisha.