Tumbo Linalochelewa Kumwaga Chakula: Maswali ya Kumuuliza Mgonjwa wa Kisukari



Mgonjwa akieleza kwamba anashiba kwa matonge machache, tumbo linajaa na kichefuchefu hakimwishi, mara nyingi tunaandika vidonda vya tumbo kabla hajamaliza kusema. Anaondoka na omeprazoli. Wapo wanaopona. Mada yangu inawahusu wale wanaorudi, hasa walioishi na kisukari miaka mingi, ambao tatizo lao si asidi bali mwendo wa tumbo lenyewe.

Sehemu ya juu ya tumbo hulegea ili kupokea chakula; ya chini husaga. Misuli hujikaza kwa mawimbi yapatayo 3 kwa dakika, yakiongozwa na seli zilizomo katika ukuta wa tumbo, ziitwazo seli za Cajal kwa heshima ya mwanasayansi wa Uhispania, Santiago Ramón y Cajal. Kila wimbi husukuma chakula kuelekea pailorasi, mlango wa kutokea. Hapo hupita chembe za milimita 1 au 2 tu. Vipande vikubwa hurudishwa vikasagwe tena. Kwa hiyo maji hutoka upesi, ilhali mlo mgumu huweza kuchukua saa 4. Mafuta yakifika utumbo mwembamba, homoni hutolewa za kulipunguzia tumbo kasi, ndiyo sababu nyama ya kukaanga hukaa kuliko ndizi za kuchemsha.

Kazi hii hutegemea sana neva ya vagasi. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huidhoofisha neva hiyo na kupunguza seli za Cajal. Tumbo hupooza, hali iitwayo gastroparesi.

Naomba tukae hapa kidogo. Mgonjwa amechoma insulini, amekula kama tulivyomwelekeza. Insulini inaanza kazi, lakini chakula kimekwama tumboni. Anatetemeka, anatoka jasho, sukari imeshuka. Baadaye chakula kinateremka, na sukari inapanda kupita kiasi. Akija kliniki tunatazama daftari lake, tunaona namba zinazopanda na kushuka, tunamkaripia kwamba hafuati masharti. Huko ni kumwonea mtu ambaye amefuata kila tulichomwambia.

Maswali yenyewe ni mepesi. Unashiba mapema? Unatapika muda gani baada ya kula? Katika matapishi, unakitambua chakula ulichokula saa nyingi zilizopita? Sukari hushuka punde baada ya mlo? Majibu hayo hayatoshi kuthibitisha ugonjwa. Kidonda cha zamani kilichoacha kovu kwenye pailorasi, au saratani, huziba njia na kuleta dalili zilezile, kwa hiyo endoskopia hutangulia. Anayekonda, anayetapika damu au kupata choo cheusi apewe rufaa bila kungoja. Kipimo cha mwendo wenyewe ni mlo uliotiwa mionzi kidogo: zaidi ya asilimia 10 yake ikibaki tumboni baada ya saa 4, tumbo limechelewa.

Matibabu huanzia jikoni. Milo iwe midogo, ya mara kwa mara, laini, yenye mafuta machache: uji mwepesi, viazi vilivyopondwa, supu iliyoenguliwa mafuta. Matunda na mboga zenye nyuzi nyingi zipunguzwe, kwa kuwa nyuzi huweza kujikusanya tumboni zikawa bonge. Najua ushauri huu unapingana na ule tunaowapa wenye kisukari wengine, na mgonjwa anastahili kuelezwa sababu. Saa ya kuchoma insulini ipangwe upya na daktari. Metoklopramidi husaidia, lakini isipitishe wiki 12, kwani huweza kuleta mchezo wa misuli ya uso na ulimi usiokoma hata dawa ikiachwa.

Jambo la mwisho ni wanaopelekwa upasuaji. Kufunga usiku kucha hakumhakikishii mgonjwa huyu tumbo tupu, na chakula kikipanda akiwa usingizini huweza kuingia mapafuni. Andikeni gastroparesi kwenye fomu ya rufaa, mtaalamu wa usingizi aisome kabla hajaandaa dawa zake.